Kuhesabu Meno ya Difu Pasipo Kuifungua

  Aliye na kalamu na karatasi tafadhali aziweke karibu, maana katika mazungumzo haya zimo tarakimu kadha wa kadha, nasi tutazitaja pole pole ili zisimpite mtu.

Leo twataka kusema habari za motakaa za zamani, zile ambazo wenyewe huzitunza kwa upendo ingawa umri wake wapita umri wa wajukuu zao. Lakini hatutasema habari ya rangi, wala ya vioo, wala ya ngozi za viti, ambavyo ndivyo mtu avionavyo kwanza na kuvipenda. Tutashuka chini ya gari, upande wa nyuma, mahali pa vumbi na mafuta, tukalitazame lile bumbu la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo mafundi wetu huliita difu. Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kitu tukitakacho leo ki mvunguni kweli kweli.

Kitu chenyewe ni hesabu moja tu. Twataka kujua shafti ndefu itokayo kwenye injini yazunguka mara ngapi hata magurudumu ya nyuma yazunguke mara moja. Labda mtu atasema, "Hesabu hiyo yanifaa nini mimi, ikiwa gari langu laenda?" Na tumjibu kwa kisa kilichotufika sisi wenyewe.

Yuko mzee mmoja, rafiki yetu, mwenye Morris Minor ya mwaka 1957. Gari hilo alilirithi kwa baba yake, naye hulitunza kama mboni ya jicho. Siku moja ekseli ya nyuma ilianza kulia, na kila mwendo ulipoongezeka na kilio kiliongezeka. Mzee akaenda kwa muuzaji wa vyuma vikuukuu, akauziwa ekseli nzima, akaambiwa, "Hii ni ya Minor, sawasawa na ya kwako." Ikafungwa. Bolti ziliingia, breki zikashika, kilio kikakoma. Mzee akalipa, akaondoka kwa furaha.

Furaha haikudumu. Baada ya mwezi mmoja alitujia, na tulipokwisha kuamkiana akasema, "Wanangu, gari langu lina magonjwa matatu. La kwanza, kile kilima cha karibu na kwangu nilikuwa nikikipanda kwa gia ya nne; sasa sina budi kurudi ya tatu. La pili, linakunywa petroli: zamani galoni moja ilinipeleka maili 41, sasa maili 38 tu. La tatu ndilo linishangazalo zaidi. Safari ya kwa binti yangu ni kilometa 132 kwa vibao vya barabarani, yaani maili 82, na saa ya gari siku zote ilisema 82. Sasa yasema 76. Je, barabara yaweza kufupika?"

Alikuwa amekwisha kubadili plagi, akasafisha kabureta, akanunua na pampu mpya ya petroli. Fedha zilitoka, magonjwa yakabaki. Tukamwambia, "Mzee, kabla hujanunua kitu kingine, turuhusu kwanza tuihesabu difu yako." Akakubali, ingawa uso wake ulionyesha shaka. Basi, wasikilizaji, tumwache mzee wetu kitambo, tueleze kwanza jambo lenyewe, kisha tutamrudia.

Kila aliyewahi kupanda baiskeli anayo elimu hii miguuni mwake, hata kama hajaijua kwa jina. Gurudumu la meno la mbele, penye kanyagio, likiwa na meno 48, na lile dogo la nyuma likiwa na meno 16, basi ukikanyaga mzunguko mmoja gurudumu la nyuma huzunguka mara tatu, kwa kuwa 48 ni mara tatu ya 16. Kwenye uwanda ni raha tupu. Lakini ukifika kilimani miguu hulemewa, nawe washuka na kusukuma. Laiti gurudumu la nyuma lingekuwa na meno 24! Ungekanyaga mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, lakini ungepanda kilima ukiwa umeketi. Ndivyo ulivyo ulimwengu wa gia: ukipata nguvu umetoa mwendo, na ukipata mwendo umetoa nguvu. Hakuna apewaye vyote viwili.

Katika motakaa jambo ni lile lile, ila limegeuzwa. Injini huzunguka upesi mno, nayo nguvu yake ya kusukuma kwa kila mzunguko ni ndogo. Kwa hiyo difu huupunguza mwendo na kuiongeza nguvu. Ndani yake mna magurudumu mawili ya meno. Dogo limeshikamana na mwisho wa propela, yaani ile shafti ndefu ipitayo chini ya gari toka gia boksi hata nyuma. Hilo huitwa pinioni. Kubwa huitwa krauni, nalo ndilo liyaendeshalo magurudumu ya nyuma. Pinioni ikiwa na meno 9, na krauni ikiwa na meno 41, propela haina budi kuzunguka mara 41 ili krauni izunguke mara 9. Gawanya 41 kwa 9, utapata 4.555. Hiyo ndiyo hesabu ya difu. Yaani kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu, propela imezunguka mara nne na nusu na kidogo zaidi.

Sasa tuitazame Morris Minor yenyewe, maana historia yake yafundisha. Gari hili lilibuniwa na Alec Issigonis, likaanza kuuzwa mwaka 1948, nalo lilitengenezwa Cowley, karibu na mji wa Oxford katika Uingereza. Lilipendwa hata mwezi wa Desemba 1960 likatimia la milioni moja, hesabu ambayo hakuna motakaa nyingine ya Kiingereza iliyokuwa imeifikia. Katika miaka hiyo yote umbo lake halikubadilika sana, lakini injini ilibadilishwa, na injini ilipobadilishwa difu nayo ikabadilishwa.

Tafadhali andikeni. Injini ya sentimeta za ujazo 803, iliyoingia mwaka 1952, ilikuwa na nguvu za farasi 30 tu. Nayo ilipewa difu ya meno 7 kwa 37, ambayo hesabu yake ni 5.286. Mwaka 1956 ikaja injini ya 948, yenye nguvu za farasi 37, pamoja na difu ya 9 kwa 41, yaani 4.555. Mwaka 1962 ikaja injini ya 1,098, yenye nguvu za farasi 48, na difu ya 9 kwa 38, yaani 4.222. Mwaona mambo yalivyopangwa? Mtu dhaifu akitaka kung'oa jiwe hupewa mtaimbo mrefu; mwenye nguvu atosheka na mtaimbo mfupi. Kwa kadiri injini ilivyopata nguvu, ndivyo waundaji walivyoufupisha mtaimbo wake, ili gari liende mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini.

Huenda mtu akauliza kwa nini walichagua hesabu za ajabu namna hii, 37 kwa 7 na 41 kwa 9, wasichague mathalan 36 kwa 9, ambayo ni nne kamili. Sababu iko, tena ni ya hekima. Kama krauni ingekuwa na meno 36 na pinioni 9, kila jino la pinioni lingekutana na meno yale yale manne maisha yake yote. Jino moja likiwa na kasoro lingeyaumiza hayo manne daima, na mengine yangesalimika. Lakini 41 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo kila jino hupata zamu ya kukutana na kila jino jingine, na ulaji wa chuma hugawanyika kwa wote sawasawa. Ni kama kazi ya kijiji ifanywayo kwa zamu: hakuna abebaye peke yake. Nasi tutaona punde kwamba hekima hiyo yatusaidia hata katika kuhesabu.

Basi mwenye gari atajuaje difu aliyo nayo? Iko njia ya kusoma, na iko njia ya kuhesabu.

Njia ya kusoma ni kutafuta tarakimu zilizopigwa katika chuma. Waundaji wengi walizipiga juu ya krauni au juu ya kifuniko. Aliyebahatika akaziona, azipanguse na kuziandika. Lakini asiziamini upesi. Motakaa ya miaka 60 au 70 imekwisha kupita katika mikono mingi, na kifuniko cha difu moja chaweza kufungwa juu ya difu nyingine. Kadhalika kitabu cha gari husema lililotoka kiwandani. Hakisemi lililofanywa na fundi wa mwenye gari wa tatu au wa nne.

Njia ya kuhesabu ndiyo ya yakini. Haidai kufungua bolti hata moja, wala kumwaga oili. Yadai jeki, kabari za mti, stendi ya chuma, kipande cha chaki, na watu wawili wasio na haraka.

Kwanza, weka gari mahali pagumu palipo sawa. Funga magurudumu ya mbele kwa kabari, mbele na nyuma yake. Gurudumu moja la nyuma, tuseme la kushoto, nalo litiwe kabari pande zote mbili, maana hilo litabaki chini. Usifanye mzaha katika jambo hili, kwa sababu handibreki ya Minor hushika magurudumu ya nyuma, nasi hatuna budi kuifungua ili tuweze kuzungusha. Handibreki ikiisha kufunguliwa, kabari ndizo zilizoshika gari.

Pili, inua gurudumu la kulia kwa jeki hata liachane na ardhi, kisha tia stendi chini ya ekseli, ulishushe gari kidogo likae juu ya stendi. Mtu asiingie chini ya gari linalosimama kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Wako waliokufa kwa kulisahau neno hili moja.

Tatu, toa gia, iwe huru kabisa. Mmoja wenu akae penye gurudumu lililoinuliwa, na mwingine akae mahali ambapo aiona propela vyema bila kuweka kichwa chake chini ya uzito wa gari.

Nne, ondoa kwanza uchezi wa meno. Meno ya chuma hayakubanana kabisa. Kati yake mna nafasi ndogo, ndiyo maana waweza kulitikisa gurudumu kidogo na propela isitikisike. Basi lizungushe gurudumu mbele pole pole mpaka propela ianze kwenda, hapo simama. Sasa piga chaki: alama moja juu ya tairi mkabala wa ukingo wa madigadi, na alama nyingine juu ya propela, juu kabisa. Tangu hapo zungusha mbele tu. Ukirudi nyuma hata kidogo, anza upya.

Tano, zungusha gurudumu mara 18 kamili, huku mwenzako akihesabu propela kwa sauti. Kwa nini 18, wala si moja? Hapa ndipo wengi wakosapo, hata mafundi wazuri. Kwa hiyo twaomba mtusikilize kwa makini.

Gurudumu moja likiwa chini limezuiwa, na la pili lazungushwa peke yake, krauni haizunguki sawa na gurudumu lile. Yazunguka nusu yake. Difu iliumbwa kwa kusudi hilo, ili gari lipigapo kona gurudumu la nje liende zaidi na la ndani liende kidogo, na krauni iende kwa wastani wa yale mawili. Fikirini watu wawili wanaochukua mzigo kwa mti, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mzigo unaning'inia katikati. Wa nyuma akisimama, na wa mbele akavuta hatua mbili kwa kuteleza bega lake juu ya mti unaonyumbuka, mzigo ulio katikati utasogea hatua moja tu. Krauni ndiyo mzigo, na magurudumu mawili ndiyo wale wachukuzi. Basi ukilizungusha gurudumu moja mara 18, na jingine limesimama, krauni imezunguka mara 9.

Na mara 9 za krauni ni sawa na meno yote ya propela kwa hesabu kamili. Kama difu ni ya 9 kwa 41, propela itazunguka mara 41 barabara, na alama ya chaki itarudi juu mahali pake. Kama ni ya 9 kwa 38, itazunguka mara 38 barabara. Hakuna kukisia robo wala nusu. Lakini kama alama haikurudi mahali pake, na hesabu imefika mara 47 na nusu na kidogo, basi difu hiyo ni ya injini ndogo ya 803. Iulize tena kwa mizunguko 14 ya gurudumu, nayo itakujibu 37 kamili. Chuma husema kweli, mradi kiulizwe kwa swali lake.

Aliyezungusha mara moja tu akaona propela imekwenda mara mbili na robo na kidogo, naye akatangaza kwamba difu yake ni ya 2.278, huyo amesahau kuzidisha kwa mbili. Na aliyeinua magurudumu yote mawili, akazungusha moja, ataona jingine likirudi nyuma na propela ikisita, naye hatapata hesabu yoyote. Iwapo magari mengine yana difu iliyofungwa, isiyokubali gurudumu moja kwenda peke yake, hapo yainuliwe yote mawili, yazungushwe pamoja, wala pasiwe na kuzidisha.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tuliliinua gurudumu, tukapiga chaki, tukaanza. Mzee mwenyewe alitaka kuhesabu propela, akakaa juu ya kigoda na kuhesabu kwa sauti ya mwalimu wa chuo. Injini yake ni ya 948, kwa hiyo tulitazamia 41. Gurudumu lilipotimiza mara 18, alama ya propela ilikuwa juu kabisa, na mzee alikuwa amefika 38. Akasema, "Nimekosea." Tukarudia tangu mwanzo. Ikawa 38 tena.

Magonjwa yake matatu yakawa yamejibiwa kwa neno moja. Ekseli aliyouziwa ilikuwa ya Minor kweli, lakini ya Minor ya miaka ya baadaye, iliyoundwa kwa injini yenye nguvu zaidi. Kwa nje zafanana. Kwa ndani si ndugu. Kilima kilimshinda kwa kuwa mtaimbo wake ulifupishwa toka 41 hadi 38, na nguvu za injini zilibaki zile zile. Ama barabara haikufupika. Saa ya mwendo katika gari hilo haiyatazami magurudumu. Huendeshwa na gia boksi, kwa hiyo huhesabu mizunguko ya propela. Propela sasa yazunguka mara 38 mahali ilipokuwa ikizunguka mara 41. Gawanya maili 82 kwa 41, ni mbili. Zidisha mbili kwa 38, ni 76. Ndiyo maili 76 zilizomshangaza. Na petroli haikupotea hata tone. Gari lilikuwa likienda maili 41 kwa galoni kama zamani, ila saa iliziandika 38. Plagi, kabureta na pampu vilihukumiwa bila kosa.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nimetibu moyo, na ugonjwa ulikuwa wa miguu."

Lakini jambo hili lina hatari kuliko hasara ya pampu. Mshale wa mwendo ulipomwonyesha maili 50 kwa saa, mzee alikuwa akienda karibu maili 54. Na kama mtu angeitoa difu ya 5.286 na kuitia ya 4.222, bila kuitengeneza saa, mshale ungesema 40 naye akaenda 50. Mtoto avukaye njia hautazami mshale, wala askari wa barabarani hauulizi. Kwa hiyo abadiliye difu ni wajibu wake kuitengeneza na saa.

Huenda msikilizaji akauliza, "Sasa difu ipi ni njema?" Hakuna njema wala mbaya peke yake, yategemea injini, njia na mzigo. Tutawapa namna ya kujipimia. Piga alama ya chaki chini ya tairi na juu ya ardhi, lisukume gari mpaka gurudumu lizunguke mara 10, pima kwa utepe toka alama hata alama, ugawanye kwa 10. Tuseme umepata inchi 73 kwa mzunguko mmoja. Sasa chukua mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, gari likiwa katika gia ya nne, ambayo katika Minor hupeleka mwendo wa injini kwenye propela bila kuubadili. Gawanya 1,000 kwa hesabu ya difu, zidisha kwa 73, zidisha tena kwa 60 kwa ajili ya dakika za saa nzima, kisha gawanya kwa 63,360, ambazo ndizo inchi za maili moja.

Kwa difu ya 5.286 utapata maili 13.1 kwa saa, kwa 4.555 utapata 15.2, kwa 4.222 utapata 16.4. Maana yake, ukisafiri kwa maili 45 kwa saa, injini yenye difu ya kwanza yazunguka karibu mara 3,440 kwa dakika, ya pili 2,965, na ya tatu 2,750. Akaaye penye uwanda na barabara njema, mwenye injini ya kutosha, atapenda hiyo ya tatu, kwa kuwa injini yake itapumua na masikio yake yatapumzika. Akaaye penye vilima, au achukuaye watu wanne na mizigo yao, atajuta.

Neno moja kwa wenye Land Rover, maana katika nchi zetu ni wengi, na mashamba mangapi yamelimwa na wagonjwa wangapi wamechukuliwa kwa gari hilo tangu lilipoanza mwaka 1948. Land Rover nyingi za mfululizo wa kwanza, wa pili na wa tatu zilikuwa na difu ya 4.7, yaani meno 10 kwa 47. Range Rover, iliyotokea mwaka 1970, ilikuwa na 3.54, yaani 13 kwa 46. Moyo wa difu ya Range Rover za mwanzo waweza kuingia katika ekseli ya Land Rover, na wako wafanyao hivyo ili wapate mwendo wa barabara kuu. Si vibaya, kwa sharti moja: ukibadili ya nyuma, badili na ya mbele. Kwa kuwa gari hilo huweza kuendeshwa kwa magurudumu manne, na difu zikihitilafiana, ya nyuma itataka kwenda mara 133 wakati ya mbele yataka kwenda mara 100. Huo ni ugomvi wa ng'ombe wawili katika nira moja. Juu ya lami shafti zitajisokota mpaka kitu kivunjike, nacho huvunjika mahali pabaya, mbali na nyumbani. Basi anunuaye Land Rover kuukuu ahesabu mbele na ahesabu nyuma, kila ekseli peke yake, gia ikiwa huru, na gia ya magurudumu manne ikiwa imetolewa. Gurudumu moja likizungushwa mara 20, difu ya 4.7 itajibu 47. Likizungushwa mara 26, ile ya 3.54 itajibu 46.

Mwisho wa kisa cha mzee ni huu. Alikifikiria kilima chake, akasema hawezi kukihamisha, basi heri aihamishe difu. Akarudi kwa muuzaji. Sisi tulikwenda naye, lakini kazi yetu ilikuwa kutazama tu. Ekseli mbili za Minor zilikuwa zimelala sakafuni, zote zimejaa kutu, na muuzaji akaapa kwamba zote ni sawasawa. Mzee hakubishana. Alitoa chaki mfukoni, akaomba kijana ashike kitovu cha gurudumu la upande mmoja kisizunguke, naye akachuchumaa na kanzu yake akaanza kukizungusha cha upande wa pili, huku macho yake yakiwa penye pinioni. Ekseli ya kwanza ikajibu 38. Akaiacha. Ya pili ikajibu 41. Akainuka, akafuta mikono, ndipo akauliza bei.

Baada ya majuma mawili alituletea salamu: kilima kimerudi gia ya nne, na kwa binti yake ni maili 82 kama zamani.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Motakaa ya kale ni mali, na daftari yake ni hesabu kama hii, iliyoandikwa kwa mkono wa mwenyewe na kuwekwa pamoja na karatasi za gari, ili mtoto atakayeirithi asinunue pampu kwa ugonjwa wa difu. Basi, wasikilizaji wetu, siku ya mapumziko tafuteni chaki na rafiki mwenye subira, mwiname. Hapa ndipo penye mwisho wa mazungumzo yetu. Kwaherini.